Hisabati za Uhandisi I: maswali mnayoniuliza kila muhula

Kila muhula ukianza naulizwa maswali yaleyale: mlangoni, kwenye ngazi, kwenye foleni ya chakula, na usiku wa manane kwenye simu. Nimeyakusanya hapa na majibu yake. Ukurasa huu unahusu somo langu tu, Hisabati za Uhandisi I kwa mwaka wa kwanza wa diploma: ujenzi, umeme na mitambo. Somo la mwalimu mwingine lina taratibu zake, kwa hiyo usiende kumwambia "mbona kwenye hisabati tunaruhusiwa".

Maksi zinagawanywaje?

Kazi za muhula ni 40, mtihani wa mwisho ni 60. Zile 40 zinapatikana hivi: testi mbili, kila moja 12, kwizi, jumla 10, asainimenti tatu, jumla 6. Kufaulu ni kuanzia 50 kati ya 100, na ili uingie chumba cha mtihani uwe na angalau 16 kwenye zile 40.

Asainimenti nimezipa maksi 6 tu kwa makusudi. Zamani zilikuwa 15. Darasa zima lilikuwa linapata 13 au 14, halafu testi ikija mtu huyohuyo anaondoka na 3 kati ya 20. Nikagundua kwamba nilikuwa nasahihisha kazi ya watu wanne iliyoandikwa kwa mikono themanini.

Kwizi ni kila Alhamisi saa 2:15 asubuhi. Swali moja, dakika 10. Zipo 12 na nahesabu 10 bora. Hizo mbili zinazotupwa ndizo akiba yako ya foleni, malaria, msiba wa jirani na zile siku ambazo mwili umegoma tu. Usizimalize wiki ya tatu.

Mwalimu, mimi natokea Form Four. Hiyo kalkulasi sijawahi kuiona. Nitaweza?

Hesabu za lazima za Form Four hazina kalkulasi. Anayeikuta mapema ni yule aliyechukua Additional Mathematics au aliyepanda Form Five. Kwa hiyo difarenshiesheni, ile sehemu ya kalkulasi inayopima kasi ya mabadiliko, naianza sifuri, wiki ya tano, kana kwamba hakuna aliyewahi kuisikia. Hapo huna deni.

Deni liko kwingine. Aljebra sianzi sifuri. Sehemu, mabano, vipeo, logi, kubadilisha fomula ili herufi unayoitaka ibaki peke yake: haya nategemea unayo. Na katika miaka yote niliyofundisha, wengi wanaosema "kalkulasi imenishinda" nikifungua karatasi yao nakuta kalkulasi wameiweza kabisa. Wameangukia mistari miwili chini yake, kwenye mabano.

Mfano wa ugonjwa unaoongoza: mtu anaona √(x² + 9) anaandika x + 3. Inapendeza machoni, lakini weka x = 4 uone. Upande wa kushoto unapata √25, yaani 5. Kulia unapata 7. Sekunde kumi tu, na umeshajua kwamba umekosea kabla mimi sijajua. Ukiwa na shaka na hatua yoyote ya aljebra, chukua namba ndogo uipitishe pande zote mbili. Usichukue 0 wala 1, hizo zina tabia ya kusema uongo.

Kwa wa Form Six wa PCM (fizikia, kemia, hisabati): wiki nne za mwanzo utaona nakuchelewesha. Njoo hivyohivyo. Kila mwaka kuna wawili watatu wanaojiona wameshamaliza, wanaibukia testi ya kwanza na kushangaa. Na nyie mliopitia VETA, vyuo vya ufundi stadi, msikae nyuma. Mmeshika waya na mashine, mnajua fezi ni nini kwa vidole. Kilichobaki ni kuandika mnachokijua.

Naruhusiwa kuuliza kwa Kiswahili?

Ndiyo, tena nakuomba. Mtaala uko kwa Kiingereza, mtihani uko kwa Kiingereza na utaujibu kwa Kiingereza. Lakini swali lililokwama kooni kwa sababu unatafuta kitenzi cha Kiingereza halimsaidii mtu. Darasani nachanganya lugha zote mbili, na najua baadhi ya wenzangu hawapendi. Nimeona darasa la watu 80 likinyamaza kimya nilipouliza "kuna swali?" kwa Kiingereza, na mikono sita ikanyooka nilipouliza "wapi pamewachanganya?"

Kiingereza chenyewe cha mtihani si kingi. Ni maneno machache, na matatu ndiyo yanayowaumiza.

"Hence" maana yake tumia ulichokipata hapo juu. Ukianza upya kwa njia nyingine, hata ukifika, maksi za kipengele hicho hupati zote.

"Show that" maana yake jibu nimeshakupa, ninachonunua ni safari. Hapa ndipo watu wanapofanya mazingaombwe: mistari mitano inaenda vizuri, inakwama, halafu mstari wa sita unaruka kama chura na kutua kwenye jibu nililoliandika mimi mwenyewe. Naliona ruko hilo. Ukikwama, andika "nimekwama hapa" upate maksi za mistari mitano iliyo safi.

"Sketch" maana yake mchoro wa mkono: umbo la mkunjo, unapokata mhimili, kilele kilipo. Basi. Sijaomba karatasi ya grafu wala rula. Kuna watu wanamaliza dakika 20 hapo kwa maksi 3.

Jibu langu lilikuwa sahihi kabisa. Mbona nimepewa 1 kati ya 5?

Kwa sababu uliandika jibu peke yake. Hili ndilo lalamiko namba moja, kwa hiyo tulitazame kwa karibu.

Swali la testi moja lilikuwa hivi: simtanki la umbo la silinda lina nusu kipenyo cha mita 0.6 na kimo cha mita 1.5. Bomba linaingiza lita 12 kwa dakika. Kimo cha maji kinapanda kwa kasi gani?

Maksi zilikuwa tano. Moja ya kuandika ujazo, V = πr²h. Moja ya kudifarenshieti kwa muda, dV/dt = πr² dh/dt, maana r haibadiliki. Moja ya kugeuza lita 12 kuwa mita za ujazo 0.012. Moja ya kufika kwenye 0.0106. Moja ya kipimo: mita kwa dakika, yaani karibu sentimita moja kila dakika.

Mwanafunzi wa kwanza aliandika "0.0106" katikati ya karatasi, akapiga mstari chini. Alipata 1.

Wa pili alifanya yote isipokuwa kugeuza lita. Akagawanya 12 kwa 1.131 akapata 10.6, akaandika "mita kwa dakika". Alipata 3: ujazo, kudifarenshieti, kipimo.

Wa tatu alifanya kosa lilelile la lita, akapata 10.6 ileile. Kisha akaandika chini yake: "Hili haliwezekani. Tangi lingejaa ndani ya sekunde 9. Nimekosea vipimo lakini muda umeisha." Huyo nilimpa 4. Maksi moja ya ziada ni kwa sababu anajua simtanki hujaaje. Amekaa nyumbani na bomba la maji akisubiri, kama wote tulivyosubiri, na hakukubali hesabu imdanganye.

Huo ndio utaratibu wangu na hautabadilika: ukiliona jibu lako halina akili na ukasema kwa nini, unapata maksi hata kama hukupata muda wa kulirekebisha. Ukiandika kwamba boriti imepinda kilomita 4 ukafunga karatasi ukaondoka, hupati.

Kuna anayeniambia njia ameifanya kichwani. Sawa, kichwa ni chako. Lakini kazini hesabu zako zitapitiwa na mtu mwingine kabla nondo hazijakatwa, na yeye hawezi kuingia kichwani mwako. Atataka kuona mstari kwa mstari ulikotoka.

Kikokotoo gani kinaruhusiwa?

Cha kisayansi kisichopangika programu. Casio za jamii ya fx-991 zinatosha na kuzidi. Simu hairuhusiwi, hata ikiwa haina laini. Saa zenye skrini zinabaki mezani kwa msimamizi. Kuazimana ndani ya chumba cha testi hakuna, kwa sababu zamani vikokotoo vilivyoazimwa vilikuwa vinasafiri na majibu yakiwa bado kwenye kioo.

Kwa wale wa Form Four: mtihani wa taifa wa hesabu mlifanya bila kikokotoo, kwa majedwali. Kwa hiyo wengine hamjakizoea. Kinunue wiki ya kwanza, usisubiri usiku wa kuamkia testi. Kariakoo vipo vya kila bei, na feki zipo pia. Kabla hujalipa, kiwashe pale dukani ujaribu mambo mawili. Kwanza bonyeza −3² bila mabano. Kizima kitakupa −9, maana kinaanza na kipeo, halafu alama. Ukitaka 9 weka mabano, (−3)². Pili, angalia kama unaweza kuhama kutoka digrii kwenda redieni, kipimo kingine cha pembe, na kurudi.

Hilo la pili lina historia na mimi. Nikiwa mwaka wa kwanza niliazima kikokotoo kwa mwenzangu wa ujenzi, ambaye alikuwa anapima viwanja na hivyo alikaa kwenye digrii mwaka mzima. Mimi nilikuwa na testi ya umeme. Swali likasema volti ni v = 325 sin 314t, tafuta volti t ikiwa sekunde 0.002. Zidisha 314 kwa 0.002, unapata redieni 0.628. Sine yake ni 0.5875, na volti ni 191. Mimi nikapata 3.56. Niliiandika, nikaipigia mstari, nikaendelea na swali la pili kwa kujiamini. Umeme wa ukutani una volti 230, kilele chake 325, mimi nina tatu na nusu na wala sishtuki. Testi nzima ilienda hivyo. Nilipata 31.

Kwa hiyo sheria ya kwangu: ukianza difarenshiesheni, kikokotoo kikae kwenye redieni. Ukirudi kwenye pembe za ujenzi, kihamishe, na uandike kwa penseli pembeni ya karatasi uko wapi.

Na usikate desimali kila mstari. Beba tarakimu zote mpaka mwisho, halafu jibu lipe tarakimu muhimu tatu.

Mfumo umeandika mwisho wa kukusanya ni 23:59. Ni saa ngapi hiyo?

Ni saa 5:59 usiku. Usicheke, swali hili limegharimu watu maksi. Kuna muhula niliandika kwenye kundi "mwisho Jumapili saa 6 usiku", na darasa likagawanyika pande tatu. Wengine walielewa usiku unaoingia Jumapili, wengine usiku unaotoka, na mmoja akasoma 6 kwa Kiingereza akakusanya jioni, akawa wa kwanza. Tangu siku hiyo naandika hivi: "Jumapili, saa 5:59 usiku, kabla Jumatatu haijaingia."

Ukichelewa ndani ya saa 24 nakata nusu. Baada ya hapo sipokei, kwa sababu majibu nayaweka hadharani. Kukatika kwa umeme na bando kuisha nimeshavihesabu: kazi unapewa siku 10 kabla.

Picha za karatasi ziunganishwe kwenye faili moja la PDF, zisomeke, zikae kwa mpangilio. Siwezi kusahihisha kivuli cha kidole chako.

Nakaa mbali, foleni. Nikichelewa unanifungia mlango?

Mlango sifungi. Ninachofanya ni kwamba kwizi inaanza 2:15 na inaisha 2:25, na hairudiwi. Anayetoka Mbagala, Gongo la Mboto, Kigamboni au Mbezi anajua mwenyewe saa ya kutoka, na mimi nimeishi Mbagala miaka sita, kwa hiyo hadithi ya daladala kuharibika tunaifahamu wote. Ndiyo maana ya zile kwizi mbili zinazotupwa.

Mvua kubwa ni jambo jingine. Masika, Machi hadi Mei, mto Msimbazi ukifurika na barabara ya Jangwani ikafungwa, nusu ya darasa haiwezi kufika na si kosa lao. Siku hiyo nasogeza kwizi. Natangaza kabla ya saa 1 asubuhi kupitia kiongozi wa darasa. Nisipotangaza, ipo.

Mahudhurio ni asilimia 75. Somo lina vipindi vya saa 60 kwa muhula, kwa hiyo usipungue 45. Kumsainia mwenzako ni kosa lenu wawili, na mwandiko wenu naujua vizuri kuliko mnavyodhani.

Nikikosa testi kwa ugonjwa au msiba?

Niarifu siku hiyohiyo, hata kwa ujumbe wa mstari mmoja, hata kupitia rafiki. Karatasi ya hospitali au zahanati ifuate ndani ya siku 5. Msiba wa mzazi, mlezi, ndugu wa tumbo moja, mke, mume au mtoto hauhitaji karatasi. Sitakudai cheti cha kifo. Testi ya marudio inafanyika mara moja tu, Jumatano ya wiki ya 14, kwa wote waliokosa. Ni ngumu kidogo kuliko ile ya mwanzo, si kwa ukatili, ni kwa sababu umepata wiki za ziada.

Mama wanaonyonyesha: toka ukihitaji, rudi, huna haja ya kuomba mbele ya watu.

Ijumaa mchana na Jumamosi je?

Ijumaa kuanzia saa 6 hadi saa 8 mchana sipangi chochote. Vipindi vya fidia huwa Jumamosi, na najua Wasabato hawaji. Maelezo yao nawapa Jumatatu, na kitu chenye maksi hakifanyiki Jumamosi. Ramadhani testi zote zinakuwa asubuhi.

Kusoma kwa kundi kunaruhusiwa? Mpaka wa kudesa uko wapi?

Kundi ni zuri. Kaeni chini ya mwembe, bishaneni, mchoreane ubaoni. Kisha kila mtu aende zake, afunge alichoandika mwenzake, aandike cha kwake. Mpaka uko hapo: daftari la mwenzako likiwa wazi pembeni wakati unaandika ya kukusanya, umeshavuka.

Kuna mwaka swali la namba changamano lilikuwa na herufi z. Bwana mmoja aliandika z yake haraka, ikatoka kama 2. Asainimenti saba zikaja na 2 mahali pote penye z, mpaka kwenye sentensi "acha 2 iwe namba changamano". Wote saba walipata sifuri, akiwemo mwenye mwandiko. Tangu hapo z yangu naikata kistari katikati, na nakushauri ufanye hivyo.

Kwenye testi na mtihani ni habari nyingine. Kibomu, yaani karatasi ya kuibia majibu, kikikutwa, jambo linaondoka mikononi mwangu na kwenda kwenye kamati ya chuo, na huko watu wanafukuzwa.

Na akili mnemba? ChatGPT inaruhusiwa?

Kwa kujifunza, tumia. Iulize ikufafanulie, ikupe mazoezi, ikuonyeshe ulipokosea. Kwa kukusanya, hapana. Kila asainimenti inafuatwa na kwizi ya swali mojawapo la asainimenti hiyo, namba zimebadilishwa. Aliyefanya mwenyewe anamaliza dakika nne. Aliyenakili anatazama dari.

Halafu ujue kwamba inakosea, na inakosea kwa sauti ya mtu aliyepatia. Silaha yako ni kuhakiki. Ikikuambia intigresheni (kinyume cha difarenshiesheni) ya xeˣ ni xeˣ − eˣ + C, usiamini wala usikatae, difarenshieti jibu. Unapata eˣ + xeˣ − eˣ, yaani xeˣ. Imerudi ulipoanzia, basi ni kweli. Njia hii inafanya kazi pia kwa jibu la rafiki, la kitabu na la kwangu mimi. Nimewahi kusahihishwa ubaoni na binti wa mstari wa nyuma kwa njia hiyohiyo.

Pasti pepa zinatosha? Maswali yanajirudia?

Aina zinajirudia, namba na mazingira havijirudii. Anayekariri pasti pepa nikigeuza tangi kuwa koni anapotea. Zifanye, lakini kwa saa mezani na bila majibu pembeni. Zile za miaka mitano iliyopita ziko stationari ya getini.

Fomula tunapewa?

Karatasi moja, pande mbili, ileile ninayoiweka wiki ya kwanza. Zoea mahali kila kitu kilipo.

Kusema kweli Mwalimu, hizi hesabu nitazitumia wapi?

Nakupa tatu za hapahapa.

Wa umeme: gridi yetu ni hezi 50. Zidisha 2π kwa 50 unapata 314, ile 314 ya swali lililoniumiza. Volti 230 unazozisikia si kilele, ni wastani wa aina fulani unaotoka kwenye intigresheni ya sine iliyopandishwa mraba. Kilele ni 230 mara √2. Anayechagua kapasita kwa kufuata 230 atailipua.

Wa ujenzi: mwaka 2024 treni ya SGR, reli yetu mpya ya umeme, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na imejengwa kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa. Badilisha hiyo iwe mita 44 hivi kwa sekunde. Kwenye kona ya nusu kipenyo cha mita 2,000, msukumo wa pembeni, v²/r, ni karibu mita 1 kwa sekunde mraba, sehemu ya kumi ya uzito wako. Sasa fikiria reli inatoka kwenye mnyooko na kuingia kwenye duara papo hapo: msukumo unaruka kutoka sifuri hadi huo kwa mara moja, na chai yako iko mapajani. Kwa hiyo katikati panawekwa mkunjo wa mpito, ambao upindaji wake unakua taratibu kwa urefu. Hesabu ya mkunjo huo ni difarenshiesheni mara mbili na intigresheni, si zaidi ya utakachokuwa unakijua wiki ya 12.

Na anayevuka Magogoni kwa pantoni ameona maji yakijaa na kupwa. Kutoka kujaa hadi kujaa ni saa 12 na dakika 25 hivi, na siku za bamvua tofauti ya juu na chini inazidi mita tatu. Ni sine, tena sine mbili zinazopandana, ya mwezi na ya jua. Nawapa kama asainimenti ya pili. Wavuvi wa Kigamboni wanaijua bila sine, nakubali, lakini wao walianza wakiwa na miaka saba.

Nadhani umekosea kusahihisha. Nifanyeje?

Kama nimekosea kujumlisha, njoo na karatasi, narekebisha umesimama hapo. Kama unabishia maksi za hatua, andika sentensi mbili kwenye karatasi ya pembeni ukieleza hatua gani na kwa nini, ndani ya siku 7. Naisahihisha upya yote, na maksi zinaweza kushuka. "Nilikuwa nimebakiza maksi mbili tu" si hoja ya kihisabati, ingawa naielewa.

Sijamaliza ada. Nitafanya mtihani?

Hilo si langu, liko ofisi ya uhasibu. Nenda mapema, uchukue namba ya malipo, uombe kulipa kwa awamu kabla ya wiki ya mitihani. Mlangoni siku ya mtihani mimi sina uwezo wa kukuingiza.

Nikifeli?

Ni sapu, mtihani wa marudio, na hata ukipata 90 itaandikwa C. Ukifeli sapu unakeri somo, yaani unalibeba ulirudie, na Hisabati II inakusubiri nyuma yake. Wanaofaulu sapu ni wale wanaokuja kuchukua karatasi yao ya mtihani tuipitie pamoja. Nusu ya waliofeli huwa hawaji, nadhani kwa aibu. Ofisi yangu ina kiti cha pili kwa kazi hiyo.

Kuna "namna ya kuongea" na mwalimu kuhusu maksi?

Hakuna. Sipokei hela, sipokei zawadi kabla ya matokeo, sifundishi tuisheni ya kulipwa kwa wanafunzi wangu. Mwalimu yeyote akikudai pesa, au akikutaka kimapenzi ili akupe maksi, hiyo ni rushwa. Ya pili ni rushwa ya ngono na ina kifungu chake kwenye sheria ya mwaka 2007 ya kuzuia na kupambana na rushwa. Piga TAKUKURU, 113, ni bure. Ukiogopa kupiga peke yako, njoo na rafiki yako ofisini kwangu, tutapiga pamoja.

Naweza kukutumia swali WhatsApp?

Mpaka saa 3 usiku. Tuma picha ya ulichojaribu, sio ya swali tupu. "Mwalimu naomba msaada namba 4" bila mstari wako hata mmoja sijibu. Na salamu ikija peke yake, "Shikamoo Mwalimu", halafu kimya, nitaitikia marahaba na nitaendelea na kazi zangu. Andika salamu na swali pamoja.

Ana kwa ana nipo Jumanne na Alhamisi, saa 8 hadi saa 10 alasiri.

Kipindi cha kwanza nije na nini?

Kaunta buku ya kwire mbili, penseli, rula na kikokotoo. Kabla hujatoka nyumbani kiwashe, bonyeza sin 1. Ukiona 0.8415 kiko kwenye redieni. Ukiona 0.01745 kiko kwenye digrii. Nitamuuliza mtu wa kwanza nitakayekutana naye mlangoni.